Tulivyochota Hewa Kisimani

Katika gesi zote, niliyoanza kuidharau ni naitrojeni. Kitabu kilisema kwamba sehemu kubwa ya hewa tunayovuta ni hiyo, na kwamba haina haja na mtu: haiwaki, haisaidii kitu kingine kuwaka, haina rangi wala harufu. Imejaa tu. Nilipoisoma habari hiyo niliwafikiria wanaume wa kwetu waliokuwa wakiketi tangu asubuhi mpaka adhuhuri kuijadili vita, na maafisa waliokuja kutoka Nairobi kuwasikiliza na kurudi zao. Nikajiambia: hao ndio naitrojeni. Wamejaa kila mahali, na hakuna kinachoshika moto.

Nilikuwa msichana mwenye dharau nyingi, na sina hakika kwamba nimepona. Kitabu kilikuwa cha kaka yangu, aliyekiacha nyumbani Garissa alipokwenda kutafuta kazi. Mimi sikupelekwa shule ila chuo cha Kurani. Kiswahili nilikiokota dukani kwa baba, nikiwauzia sukari makarani na askari. Kiingereza nilikifukua mwenyewe kwenye magazeti tuliyofungia sukari hiyo. Nilikuwa na ugonjwa mmoja: sikuweza kufungua ukurasa mpya kabla sijaukariri ule wa nyuma bila kukosea hata neno. Nikikosea, narudi mwanzo. Mvua za masika zilikuja zikaisha mimi ningali kwenye oksijeni. Mtu mwenye akili angeusoma ukurasa akaenda zake, lakini mimi nililala na hofu kwamba kuna nukta nimeiruka, na kwamba ndani ya nukta hiyo ndimo elimu yote ilimo.

Kwa kuwa sikuwa na mwalimu, nilijaribu mambo mwenyewe. Kitabu kilisema gesi inayonuka kama yai bovu huishika fedha na kuifanya nyeusi, wakati dhahabu haiigusi. Nikachemsha yai nililonunua kwa karani mmoja, nikaponda kiini chake, nikakizungushia bangili ya fedha ya shangazi yangu. Asubuhi bangili ilikuwa imekuwa nyeusi kama sufuria. Sijawahi kufurahi vile. Shangazi hakufurahi. Alisema shetani hupenda wasichana wanaosoma peke yao.

Nilikuwa nimekwenda kumuuguza bibi yangu mzaa mama, si mbali na Habaswein, amri ilipotoka. Wakati huo wa vita ya shifta serikali iliamua watu wote wa vijijini na malishoni wakusanywe ndani ya uzio wa miiba, karibu na kituo cha polisi, pamoja na wanyama wao. Aliyepatikana nje ya uzio alihesabiwa kuwa shifta, yaani mwasi. Kwa hiyo wafugaji waliojua kila kisima kuanzia pale hadi Wajir walifungiwa mahali pamoja, na visima wanavyovijua viko kule ng'ambo, vinameremeta bila mtu. Maji yetu yaliletwa na lori kutoka Garissa, lilipofika. Ngamia walianza kulala na kutoamka.

Nisiseme uongo, kituo kilikuwa kizuri. Mawe yaliyopangwa kando ya njia ya kwenda kwenye bendera yalipakwa chokaa kila wiki. Tulikuwa tukifa kiu tukiyatazama mawe meupe kuliko meno yetu. Magunia ya chokaa yalikuwa yamepangwa kwenye banda la kituo, yamefunikwa turubai yasinyeshewe na mvua ambayo hakuna aliyeitarajia.

Ndani ya uzio palikuwa na kisima kimoja cha zamani, kirefu, chembamba, kilichofukiwa nusu na mchanga. Mbuzi walikuwa wametumbukia humo miaka ya nyuma, na watu wakakiacha. Sasa hapakuwa na hiari. Ilibidi mtu ashuke azoe mchanga na mifupa mpaka maji yapatikane. Kijana mmoja alifungwa kamba kiunoni akashushwa. Hakuwa hata amegusa chini, kichwa kikamlegea, hakuitika. Walimpandisha kama mzigo, mdomo wazi, midomo imebadilika rangi. Alilazwa chini, akatapika, akazinduka baadaye. Alisema alijisikia kama anayelala usingizi mtamu.

"Kisima kinanuka," bibi yangu alisema. "Chombo kikinuka hufanywaje?"

Kila mtu alijua jibu. Kwetu maziwa huwekwa ndani ya chombo kilichosukwa kwa mizizi, tunakiita dhiil. Kabla ya kutia maziwa, mwanamke huweka ndani yake vijinga vya mti maalumu vinavyowaka, anakifunga, moshi unakaa humo mpaka chombo kinukie vizuri na maziwa yasigande upesi. Hata mimi nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Dhiil yangu ilikuwa haina doa, kwa sababu niliifukiza kwa hofu ileile niliyosomea.

Basi wakaamua kukifukiza kisima. Kamwe sijasikia kwamba watu wengine duniani wamewahi kukosea namna hii, na ninakiri kwamba lilikuwa kosa lenye mantiki yake. Walishusha kikapu cha chuma kilichojaa vijinga na ubani, wakafunika mdomo wa kisima kwa ngozi za ngamia, wakaketi kungoja kisima kinukie.

Nilimwendea bibi. Kwetu bibi na mjukuu huitana kwa neno moja, ayeyo, kila mmoja kwa mwenzake, na hivyo hata ugomvi husikika kama mapenzi.

"Ayeyo," nikamwambia, "kijinga ukikifungia ndani ya dhiil, kinaendelea kuwaka?"

"Kinakufa, ayeyo."

"Kwa nini kinakufa?"

"Kwa sababu kimemaliza kazi yake."

"Hapana. Kinakufa kwa sababu kimekula hewa nzuri yote iliyomo, kikaacha hewa mbaya. Na kisima kilikuwa na hewa mbaya tangu mwanzo. Sasa mmekiongezea nyingine."

"Mimi nimefukiza vyombo tangu kabla mama yako hajazaliwa. Nionyeshe mtu aliyekufa kwa maziwa yangu."

Wanawake wakacheka. Nilitaka kusema kwamba hakuna mtu anayeingia ndani ya dhiil, lakini ulimi wangu ulikuwa umeshafunga duka. Hivyo ndivyo nilivyo: jibu zuri hunijia nikiwa nimefika mbali. Naam, nilikuwa mwanafunzi bora kabisa wa chuo ambacho mwalimu ni mimi na mwanafunzi ni mimi, na bado nilifeli mtihani wa mdomo.

Aliyejitolea kushuka safari ya pili alikuwa mjomba wangu, ndugu wa pekee wa mama yangu. Naye pia tuliitana kwa neno moja, abti. Alikuwa mtu wa mzaha, mfupi, mwenye mikono mirefu, na ngamia wake wawili waliobaki walikuwa hawasimami tena. Ngozi zilipofunuliwa, moshi mwembamba ulitoka, na watu wakavuta pumzi wakasifu ubani. Mjomba akaanza kujifunga kamba.

Hapo woga wa kukosea ulishindwa na woga mwingine. Nilichukua taa ya mafuta, nikaiwasha mchana ule mweupe, nikaifunga kwenye kamba.

"Abti, umepotelewa na jua?" akaniuliza.

"Ngoja niishushe taa kwanza. Ikirudi inawaka, nenda."

Niliishusha polepole. Wanaume waliinama kutazama. Ilipofika kama nusu ya kisima mwanga ulipungua, ukawa kinukta, ukazimika. Niliivuta. Utambi ulikuwa ukitoa moshi kidogo.

"Umeitikisa," mmoja akasema.

"Upepo," akasema mwingine. Upepo, ndani ya kisima! Nikaiwasha tena, nikampa yeye aishushe. Ikazimika palepale, kana kwamba kuna maji yasiyoonekana yaliyojaa mpaka hapo. Na kweli yalikuwako. Kaboni dioksidi ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mahali pa chini kama maji kwenye bakuli, na yenyewe imeshaungua, haina tena njaa ya moto. Niliyaeleza hayo kwa sauti ya kitabu, bila kuvuta pumzi, nikitazama vidole vyangu vya miguu.

Mjomba akalegeza kamba kiunoni. "Basi tuyachote vipi, hayo maji yasiyoonekana?"

Swali lilikuwa zuri, na nilikuwa na jibu. Gesi hiyo isiyojali moto huijali chokaa. Ikikutana na chokaa iliyokorogwa na maji hushikana nayo, ikawa unga mweupe kama chaki, ikatulia. Tumwage chokaa kisimani, ipake kuta zote ikishuka.

"Chokaa iko kwa polisi," mjomba akasema. "Na maji ya kuikorogea yako wapi?"

Bibi akapiga makofi. "Sikilizeni! Tunatafuta maji, naye anataka tumwage maji kisimani!"

Mpaka leo nikikumbuka kicheko kile masikio yananiwaka. Ninaloweza kusema ni kwamba bibi alikuwa na haki. Lori lilikuwa limechelewa. Kila nyumba ilikuwa na maji ya kunywa tu, na mimi, kwa imani ya kitabu ambacho mwenyewe nilikuwa sijakimaliza, nilitaka yatupwe shimoni.

Mjomba hakucheka. Alikwenda hemani kwake akarudi na dumu. "Anayeshuka ni mimi," akasema. "Maji yangu ya leo yamwagwe. Yakitosha, sawa. Yasipotosha, nitakufa na kiu badala ya usingizi mtamu." Watu wawili watatu waliona haya, wakaleta yao. Bibi alileta nusu kikombe, akakiweka mbele yangu kwa heshima ya kejeli, kama anayemtolea mgeni mkubwa.

Tukaenda kituoni, mimi na mjomba. Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa bara, mnene, mwenye fimbo ya kwapani, na alikuwa ameketi akimtazama konstebo akipaka jiwe.

Mjomba alitangulia kwa Kiswahili chake. "Afande, kisima iko mbaya. Hewa nabiga mtu chini. Nataka chokaa."

"Chokaa? Mnataka kukipaka kisima rangi?" Konstebo akacheka mpaka brashi ikamdondoka.

Nikaingilia, nikamweleza habari ya gesi na chokaa. Alinisikiliza akiwa ameinua nyusi, kama mtu anayemsikiliza mbuzi akisoma taarifa ya habari.

"Wewe binti, umesoma wapi?"

"Nyumbani, afande."

"Nyumbani. Na nyumbani walikufundisha kwamba chokaa ya serikali hula hewa?"

"Haili hewa, afande. Inashika ile mbaya tu."

"Wiki ijayo tunatembelewa na mkubwa kutoka Garissa. Mawe yakiwa machafu atauliza. Kisima chenu hatakiuliza."

Alisema ukweli mtupu, na ndiyo maana nilimchukia. Nikamwambia, "Mkubwa akija, afande, atakunywa nini?"

Lori lililochelewa lilikuwa linaleta maji ya kituo vilevile. Alitazama pipa lao, akatazama mawe, na niliona jinsi mambo hayo mawili yalivyokuwa na uzito sawa moyoni mwake. Mwishowe akasema tuchukue nusu gunia, na kwamba kama si kweli nitayapaka mawe yote mwenyewe. Konstebo alitumwa atusindikize. Alikuja na kuku wake mmoja chini ya kwapa, maana nilikuwa nimemwomba ndege wa kumtanguliza kisimani. Kwetu hatufugi kuku, na mjomba alimtazama ndege yule kwa mashaka makubwa.

"Huyu akifa mtanipa mbuzi," konstebo alisema.

"Akifa yeye nikabona mimi," mjomba akajibu, "nitakuba ngamia. Amelala, lakini ngamia."

Tulikoroga chokaa, tukaimwaga kidogo kidogo kuzunguka kuta. Tukangoja. Nilishusha taa, ikapita pale pa kwanza ilipozimika, ikashuka zaidi, ikapungua nuru chini kabisa. Tukamwaga iliyobaki. Safari iliyofuata taa ilifika chini ikabaki inawaka. Watu walipiga kelele. Hata bibi alisogea kuchungulia. Yule aliyesema upepo alinipiga begani akaniita daktari.

Ningeishia hapo, hadithi ingekuwa nzuri na mimi ningekuwa shujaa. Lakini mjomba alipokuwa akijifunga kamba upya, nilikumbuka jambo. Kitabu kilikuwa na sentensi moja fupi, mwisho wa ukurasa, ambayo niliikariri kwa ugonjwa wangu wa kukariri tu. Ilisema makaa yakiungua bila hewa ya kutosha hutoa gesi nyingine, kaboni monoksidi. Hiyo haishikani na chokaa. Haizimi taa. Haina harufu. Lakini ina njaa kubwa: ikiingia mwilini hushika damu na kuikatalia oksijeni nafasi. Kwa hiyo taa iliyowaka haikuniambia lolote juu yake. Kile kikapu cha vijinga kilikuwa kimefungiwa chini ya ngozi muda mrefu. Ikiwa gesi hiyo ilikuwa bado humo, mjomba angeshuka akiimba, asipande tena.

Nikasema, "Bado."

Sauti za kunizomea zilianza nyuma. "Naa, msichana, taa inawaka!" "Umesema mwenyewe!" Konstebo alisema kwa sauti kwamba mimi ni kama sheria mpya, kila siku nina sharti lingine. Na waliyoyasema yalikuwa ya haki. Niliwaambia kuna hewa ya aina nyingine ambayo siwezi kuwaonyesha, wala kuinusa, wala kuipima kwa taa. Niliisikia sauti yangu nikaidharau. Hivyo ndivyo waganga wa uongo wanavyosema.

"Dawa yake nini, abti?" mjomba aliuliza. Hakuwa na mzaha tena.

"Haina dawa. Itolewe tu. Ile hewa iliyomo ichotwe, nyingine iingie."

"Ichotwe kwa kitu gani?"

"Kwa ndoo."

Kwetu, kunywesha ngamia kisimani ni kazi ya wimbo. Wanaume husimama kwenye mstari wakipokezana ndoo za ngozi, na kila ndoo ina mstari wake wa wimbo, na ngamia wenyewe husogea wakiusikia. Mjomba aliwapanga wanaume, akashusha ndoo tupu hadi chini, akaivuta juu kwa nguvu, akaipokeza. Wa mwisho akaimwaga. Hakikumwagika kitu. Wakashusha nyingine. Kwanza waliimba kwa aibu, kama watu wanaoimba kwenye msiba, kisha mazoea yakawashinda na wimbo ukapanda. Waliichota hewa, wakaimwaga kwenye hori mbele ya ngamia. Ngamia mmoja aliinua shingo, akaja, akainamisha midomo yake kwenye hori tupu. Hilo sikulicheka.

Polisi walitoka wote kutazama. Mkuu wa kituo alikuja na kiti chake. Alisema amehudumu Nyanza na Pwani na hajaona wendawazimu uliopangwa vizuri namna ile.

Tulichota mpaka mikono ikachoka na kivuli kikageuka upande. Kisha kuku akashushwa ndani ya kikapu, akaachwa huko. Niliomba dua zote nilizozijua. Walipompandisha alikuwa amekasirika, akamdonoa konstebo. Mjomba akashuka.

Kila baada ya muda nilimwita, naye akanijibu kwa tusi, kama tulivyokubaliana, maana mtu anayeanza kusinzia husahau matusi kwanza. Hilo sikulisoma popote, nililibuni pale. Alizoa mchanga, tukauvuta. Alizoa mifupa ya mbuzi. Alipopanda alikuwa mweupe wa chokaa kuanzia utosini, anaumwa kichwa, na viatu vyake vilikuwa vimelowa.

Basi watu walisemaje? Walisema kisima hakikuwa na neno. Mjomba ameshuka, amepanda, yuko wapi huyo mnyama asiyeonekana? Bibi alisema moshi wake ulihitaji muda tu, kama moshi wote, na kwamba ubani haujawahi kumwangusha mtu. Yule wa upepo aliacha kuniita daktari. Maji ya kwanza yalitoka machache, meupe, yenye ladha ya ukuta, na lawama zake zilikuwa zangu peke yangu. Hii ndiyo tuzo ya anayezuia kifo: kifo kisipotokea, yeye ndiye mwongo. Sikuwa na kitu cha kuwaonyesha. Na lililonitesa zaidi ni kwamba mimi mwenyewe sikujua. Labda maumivu ya kichwa chake yalikuwa ya jua na njaa. Labda ile gesi ya pili ilikwisha kutoka pale ngozi zilipofunuliwa. Nimeshayapima hayo mara nyingi na sipati jibu linaloniridhisha.

Kesho yake asubuhi nilikuta kisima kimezungukwa tena. Mchanga ulikuwa umeporomoka usiku, na yule wa upepo alikuwa amefungwa kamba, yuko tayari kushuka. Hakuna taa iliyowashwa, hakuna ndoo, ingawa hewa mbaya ilikuwa imepata usiku mzima wa kujikusanya tena.

"Jana hakikuwa na kitu," akasema.

Nikaenda nikaketi juu ya mdomo wa kisima, miguu ndani, nguo zangu zikiwa chafu kwa chokaa, mbele ya wanaume, jambo ambalo msichana wa kwetu halifanyi. Wakanifokea. Mmoja akasema wanivute. Bibi aliniita kwa jina la kitoto, kisha kwa jina la mnyama.

Mjomba alitokea hemani, kitambaa kimefungwa kichwani kwa maumivu ambayo hayajamwacha. Alinitazama pale nilipoketi. Alimtazama mwenye kamba.

"Wallahi mmoja wetu ni mwehu," akasema, "na sijui ni nani." Kisha akachukua ndoo tupu, akaipitisha kando ya goti langu, akaishusha chini, akaanza wimbo peke yake.